Uzi: Bustani ya mboga nyuma ya nyumba bila dawa wala mbolea ya dukani (nilifeli mara tatu kwanza)

Fundi Friji (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni.

Juzi kwenye uzi wa bei za sokoni nilitia mdomo kwamba mimi mchicha na matembele sijanunua tangu Juni mwaka jana, na kwamba wadudu nawazuia kwa mwarobaini. Basi watu wamenifuata pembeni mpaka nimechoka kujibu yale yale. Namwaga kila kitu hapa, anayetaka achukue, mwenye la kuongeza aongeze.

Kwanza, mimi si bwana shamba. Natengeneza friji na viyoyozi, nimepanga Kimara, Dar es Salaam, na eneo langu lote ni hatua nane kwa tano nyuma ya nyumba, toa shimo la choo, toa kamba ya kuanikia nguo ambayo mama watoto amekataa isiguswe. Udongo ulikuwa kifusi kitupu: kokoto, vipande vya vigae, na chini yake mfinyanzi unaopasuka kiangazi. Kama nimeotesha hapo, wewe mwenye kiwanja Goba usinililie.

Nianze na kufeli, maana ndiko nilikosoma.

Mara ya kwanza nilipanda nyanya. Kila anayeanza anapanda nyanya, sijui tumelogwa na nani. Picha kwenye pakiti inang'aa, nikaona mwezi wa tano nitakuwa nagawia majirani. Miche ikapanda vizuri mpaka kiunoni. Siku moja narudi kazini nakuta mmoja umelala kama umechemshwa, majani bado ya kijani kabisa. Usiku ukainuka. Kesho yake mchana ukalala tena, na keshokutwa haukuinuka. Nikazidisha maji nikidhani ni kiu. Wiki mbili, kumi na moja zimekufa.

Jamaa yangu anayelima Ruvu akaniambia kata shina karibu na ardhi, kitie kipande kwenye glasi ya maji safi, usitikise, kaa uangalie. Dakika chache tu, pale kwenye kikonyo kukaanza kushuka kitu cheupe chembamba kama maziwa, kinaning'inia ndani ya maji kama uzi. Huo ndio uzi ambao hutaki kuuanzisha. Ni mnyauko wa bakteria, unakaa ardhini miaka, na hakuna dawa ya kuumwagia, ya dukani wala ya kienyeji. Tuta hilo sasa halipandwi nyanya, bilinganya, nyanya chungu, hoho wala mnavu, wote hao ni ukoo mmoja. Nimeweka matembele na hayana habari.

Mara ya pili niliua mboga kwa mapenzi. Nilikwenda kwa mfugaji wa kuku wa mayai nikabeba viroba vitatu vya samadi, bado ina joto, harufu yake inachoma macho. Nikaichanganya na udongo Jumamosi, Jumapili nikapanda chainizi. Iliyoota ikaungua kingo za majani, iliyobaki haikuota kabisa. Samadi ya kuku ni kali kuliko ya ng'ombe au mbuzi, lazima ioze kwanza. Halafu kuna suala la vijidudu vya tumbo, hasa kwa vitu vya kachumbari. Wenzetu Marekani kwenye kanuni zao za kilimo hai, samadi mbichi lazima iwe imeingia ardhini si chini ya siku 120 kabla ya kuvuna kitu kinachogusa udongo. Mchicha unavuna siku ya 25. Piga hesabu mwenyewe.

Mara ya tatu ni maji. Bomba likikatika tunanunua maji ya kisima, na visima vingi vya huku kwetu mnajua wenyewe, chai unaikoroga sukari na bado ina chumvi. Nilimwagilia hayo wiki tatu kiangazi. Ncha za majani zikakauka, juu ya udongo ukabaki unga mweupe. Iliyovumilia ni spinachi peke yake. Sasa nina pipa chini ya paa, na maji ya kuoshea mchele na mboga hayamwagwi. Kisima nakitumia kwa kulazimika, na nikikitumia, siku nikipata maji yasiyo na chumvi nayamwagia mengi kuisukuma chumvi chini.

Nikapumzika miezi miwili. Niliporudi sikununua mbegu, nilitengeneza udongo, na hapo ndipo mambo yalipobadilika. Nakuja na sehemu ya pili, ngoja nikamalize friji ya mtu.

---

Kokoto Tatu

Natia nanga hapa. Mkuu shusha nondo.

---

Bwana Pembejeo

Nondo zikishuka kwenye sukuma yake ndiyo atajua kwamba mwarobaini ni porojo. Tukutane mwezi wa nne.

---

Fundi Friji

Hahaha, Bwana Pembejeo nakuja kwako. Kwanza mboji.

Watu wengi wanachimba shimo, wanatupa maganda, wanasubiri. Wanapata inzi na harufu. Mimi nalundika juu ya ardhi, chini ya mwembe wa jirani. Lundo liwe kubwa, mita moja kila upande, maana dogo halipati joto na bila joto mbegu za magugu haziungui. Chini naweka vijiti ili hewa ipite, halafu majani makavu ya mwembe kimo cha kiganja, halafu mabichi (maganda ya ndizi, majani ya maboga, magugu ambayo hayajatoa mbegu), halafu samadi kidogo, halafu maji. Narudia mpaka kifuani. Makavu yawe mengi kuliko mabichi. Likinuka mayai viza, mabichi yamezidi au maji yamezidi, ongeza makavu na ulipindue.

Nimechomeka fimbo katikati kutokea juu. Siku ya nne au ya tano ichomoe uishike sehemu ya chini: iwe moto kiasi kwamba huwezi kuing'ang'ania, kama sufuria ya uji uliopoa kidogo. Ikitoka baridi na kavu, lundo lina kiu. Baridi na mbichi, halina hewa. Sihitaji kipimajoto, na mimi ni mtu wa vipimajoto. Nalipindua baada ya wiki tatu, la nje linaingia ndani, na tena baada ya wiki tatu nyingine. Miezi mitatu hivi mboji iko tayari: nyeusi, inavunjika mkononi, na inanukia ile harufu ya ardhi mvua ya kwanza ikigonga.

Visivyoingia: nyama, mafuta, ugali mwingi (panya), kinyesi cha mbwa na paka, na mabaki ya zile nyanya zilizougua.

Kwenye tuta la mita moja kwa tatu niliweka karai sita za mboji, nikachanganya na udongo wa juu mpaka kina cha jembe. Tuta lisizidi mita moja upana, ufikie katikati bila kulikanyaga. Eneo lipate masaa sita hivi ya jua, la asubuhi likiwezekana.

Ya kuanzia: mchicha. Nasema mchicha na sitaki ubishi. Mbegu yake ni kama chembe za baruti, ukimwaga kwa mkono inaota kichaka mahali pamoja na upara mahali pengine. Chukua kijiko kimoja cha chai, changanya na kikombe cha mchanga mkavu, chora mistari ya kina cha ukucha, umbali wa kiganja toka mstari hadi mstari, nyunyiza, funika kidogo sana. Juu weka nyasi kavu. Chunguza sisimizi! Kuna siku nimekuta wanatoka na mbegu zangu mstari mmoja, kila mmoja kabeba yake, kama wapagazi. Majivu kuzunguka tuta yaliwasumbua kidogo. Siku ya nne mchicha unachungulia, ondoa nyasi jioni, si mchana, la sivyo jua linavikaanga vile vijichipukizi.

Wiki ya tatu ng'oa iliyobanana, hiyo ndiyo mboga ya kwanza, unaikata mizizi tu. Inayobaki kata kichwa, acha majani matatu manne chini, inatoa matawi. Tuta moja nalila mwezi na nusu kabla halijaanza kukimbilia maua.

Matembele hata mbegu hayataki. Omba marando (mashina yake yanayotambaa) kwa mtu, kata urefu wa mkono mpaka kiwiko, zika nusu. Mwezi na kidogo unachuma.

Mbegu ukinunua, fungua uangalie rangi. Zikiwa za waridi au kijani cha kung'aa, zimepakwa dawa ya ukungu. Muulize muuzaji zisizopakwa. Na ukitaka kuvuna mbegu zako mwenyewe mwakani, usianze na chotara, watoto hawatafanana na mama.

---

Mama Wawili

Asante kaka kwa darasa. Sasa sisi wa ghorofani tufanyeje? Nina kibaraza kidogo, jua linaingia asubuhi mpaka kama saa saba. Mwenye nyumba hataki kuona tope.

---

Gunia Moja

Dada, habari kutoka Nairobi. Ploti yetu haina hata mahali pa kuanika soksi, lakini sukuma nakula ya kwangu, kwa gunia.

Unachukua gunia la mahindi la kilo 90. Tafuta mkebe mkubwa usio na kitako wala kifuniko, usimamishe katikati, ujaze kokoto. Nje ya mkebe jaza udongo uliochanganywa na mbolea ya ng'ombe iliyoiva. Ukifika juu ya mkebe, uvute polepole mpaka ukingo, kokoto zinabaki zimesimama. Jaza tena kokoto, jaza tena udongo, vuta. Mwisho unakuwa na nguzo ya mawe katikati ya gunia. Maji unamwaga kwa mawe, yanashuka hadi chini. Watu wasioweka mawe, mboga ya juu inanenepa na ya chini inakufa kiu, halafu wanasema gunia ni uongo.

Toboa pembeni kwa kisu, matundu yapishane, si moja juu ya lingine. Miche ya sukuma ikiwa na majani manne unaiingiza hapo jioni. Pembeni sukuma na spinachi, juu dania na vitunguu vya majani. Langu lina miche kama thelathini. Sukuma unachuma majani ya chini, unaacha ya juu, hivyo miezi mingi.

Lakini kwa kibaraza, angalia: gunia likilowa linapita kilo mia. Wewe tumia ndoo kuukuu au madumu ya mafuta ya kupikia ya lita 20 yaliyokatwa. Toboa chini, weka sahani. Yaliyobeba rangi ya ukuta au dawa, hapana.

---

Mama Wawili

Ubarikiwe. Ndoo zipo, mpaka nimezichoka.

---

Bwana Pembejeo

Niongee kiutu uzima sasa. Ninauza dawa, sikatai. Lakini dawa ikisajiliwa ina lebo, ina kipimo, ina siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Mkulima akifuata lebo mlaji yuko salama. Nyinyi mnapika majani kwenye sufuria, hamjui nguvu yake, mnamwaga kwa macho. Nani yuko salama hapo? Halafu kantangaze, yule kiwavi anayetoboa majani na matunda ya nyanya, imeingia nchini tangu 2014, wakulima wa nyanya wamelia, uwaambie wachemshe mwarobaini?

---

Fundi Friji

Kuna mawili hapo nakupa haki yako. Ekari mbili za nyanya siwezi kumfundisha mtu kwa uzoefu wa hatua nane kwa tano. Na kweli "asili" siyo maana yake salama. Kuna wanaoloweka tumbaku wanapulizia mboga. Nikotini ni sumu hasa, na tumbaku inaweza kuleta ugonjwa wa virusi kwenye nyanya na pilipili. Mimi siigusi.

Ila lebo yako inamhesabu mkulima anayevuna kwa tarehe. Bustani ya nyumbani haivunwi kwa tarehe. Binti yangu ana miaka minne, akipita anachuma jani la mchicha anamlisha mdoli wake, jingine anakula yeye. Nimwambie asubiri siku saba?

---

Bibi wa Muheza

Wanangu, acheni kutoana macho. Huyu wa friji kasema kweli na huyu wa dukani naye anatafuta riziki.

Mwarobaini haumuui mdudu hapohapo. Vijana wanapulizia asubuhi, mchana wanakuta mdudu anatembea, wanasema hamna kitu. Ule unamnyima hamu ya kula na unamvuruga asikue. Mimi natwanga majani mabichi kilo moja kwenye kinu, kinu kisiwe cha kisamvu! Naloweka kwenye lita tano za maji usiku kucha, nachuja kwa kitambaa, namenyea sabuni ya kipande kidogo ili ishike kwenye jani. Napuliza jioni, jua likishalegea, maana jua linauondolea nguvu. Chini ya majani ndiko wanakokaa. Mvua ikinyesha, rudia. Isiponyesha, kila wiki. Usitengeneze ya kuweka, tengeneza ya siku.

Vidukari, hawa wanaojikunja kwenye sukuma kama vumbi la kijivu, hata mwarobaini usipoteze. Maji ya sabuni na vidole. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka kwenye shina, jua juu kuna vidukari, wanawafuga kama ng'ombe, wanawakamua utamu. Na ukiona vile vidudu vya duara vyekundu vyenye madoa meusi usiviue, ndivyo vinavyowala. Watoto wao ni wabaya wa sura, weusi, warefu, wana miiba miiba, nao waache.

Lingine. Mnahangaika na chainizi na mchunga unaota wenyewe kwenye njia. Mchunga na mnavu tulikula kabla ya pakiti za mbegu. Nautunza pembeni ya tuta, mdudu hausumbui sana, mvua chache unaota. Uchungu unatoka ukichemsha na kumwaga maji ya kwanza, au utie nazi unyamaze.

---

Fundi Friji

Shikamoo bibi. Hilo la kinu nimecheka, lakini nilishalifanya. Kisamvu siku hiyo hakikulika.

---

Bibi wa Muheza

Marahaba mwanangu. Kila mtu kalifanya mara moja.

---

Mvua ya Meru

Wadau, kwa mbegu za kienyeji, hapa Arusha kuna kituo cha World Vegetable Center, wamefanya kazi miaka mingi na mchicha, mnavu, mgagani na nyanya chungu za Kiafrika. Aina kadhaa za mchicha na mnavu zilizopo madukani zimetokana na kazi yao, na ni za kuvuna mbegu ukarudia.

Halafu angalizo dogo kwa mnaotaka kuuza ziada mkiiita "ya kilimo hai". Afrika Mashariki ina kiwango chake tangu 2007 na alama ya Kilimohai, na kuitumia alama lazima ukaguliwe. Ukimuuzia jirani mwambie tu hukupuliza dawa, inatosha.

---

Kokoto Tatu

Nanga nimeing'oa, nimeanza. Swali kwa mwanzisha uzi: nianze lini? Na huo mwezi wa Juni ulioutaja ulikuwa bahati au hesabu?

---

Fundi Friji

Hesabu, baada ya kuumia. Kwa Pwani, kuanzia Juni mpaka Agosti jua limepoa na masika imepita, udongo bado una unyevu. Mche unakaa. Masika yenyewe mvua inapiga mbegu ndogo inazipeleka kwa jirani, na ukungu unatembea. Ukitaka kupanda masika, inua tuta kiganja kimoja na nusu, na panda matembele na kisamvu, siyo mchicha wa kusia. Januari na Februari ni kivuli na maji: nafunika udongo kwa nyasi kavu unene wa vidole vitatu, namwagilia alfajiri, na juu natandika makuti machache yaliyotawanyika. Mchana ukiingiza kidole chini ya nyasi utakuta baridi, pembeni pasipo na nyasi panaunguza.

Ukisubiri Juni ndipo uanze lundo utakuwa umechelewa, kwa sababu mboji inataka miezi mitatu. Kwa hiyo anza lundo leo, panda baadaye.

---

Mama Wawili

Kaka swali la mwisho. Huku chini kuna mama mwenzetu anafuga kuku wa kienyeji, nina mpango wa kuweka ndoo nyingine pale kwenye mlango wa ngazi. Wewe kuku wa majirani unawazuiaje? Au majirani zako hawafugi?

---

Fundi Friji

Wanafuga! Mara ya kwanza walinifyeka tuta zima la chainizi kati ya saa tano na saa sita. Nilinunua ugomvi, haukusaidia. Nikazungushia chandarua kilichochanika, wakapita chini. Baadaye nikasimamisha matete, nikafunga chandarua juu yake na kukifukia kwa chini kiganja kimoja. Hiyo ilishika.

Lakini lililomaliza kesi ni mazungumzo. Sasa mama wa kuku anapata magugu na majani yangu yaliyotobolewa kila jioni, na mimi napata samadi yake, ndiyo inayokwenda kwenye lundo. Kuku anawafungulia saa kumi nikiwa nakaribia kurudi. Jogoo mmoja tu ndiye hajausoma mkataba. Namsikia hapa nyuma sasa hivi, ngoja nitoke.